Safari ya Agosti Nakuru–Kisumu–Kakamega na watoto: msihesabu kilomita, hesabuni nyumba (UZI)

MamaWatatuNax
Jameni salamu. Niliahidi nitaleta ripoti ya safari, alafu wiki ya kufungua shule ikaingia na nyinyi mnajua hiyo wiki mzazi hana akili, kwa hivyo mtanisamehe. Ni ile safari yetu ya likizo ya Agosti, kutoka Nakuru mpaka Kisumu kwa dada yangu, alafu Kakamega kwetu upande wa Khayega. Tulikuwa mimi, mzee wangu, watoto watatu (wa miaka kumi na mbili, wa saba, na kale ka miaka mitatu) na Noah yetu kuukuu.

Nilipiga hesabu vizuri sana. Nakuru Kisumu ni kama kilomita 185, Kisumu Kakamega 50 na kitu. Nikajiambia hii ni kitu kidogo, tukitoka saa kumi na mbili asubuhi saa saba tuko Dunga tunavunja samaki, siku nne tumemaliza, tumerudi. Wueh. Kilomita hazikutusumbua, nyumba ndio zilituumbua. Kwa karatasi niliandika nyumba nne za kuingia kusalimia, tukaingia kumi na moja, na bado kuna senge (shangazi) mmoja amenuna mpaka saa hii naandika.

Nitaandika kidogo kidogo kale kadogo kakilala. Msinikimbize.

BabaTwins254
Niko siti ya mbele. Sisi tunaenda Desemba na hiyo hiyo njia, leta kila kitu hata pahali watoto walikojoa.

Nyar_Ahero
Kama mlipita Ahero na hamkusimama kununua mchele nasema mapema hii uzi siitambui.

MamaWatatuNax
@Nyar_Ahero tulisimama mama, tulia.

Haya. Kabla ya safari gari lilipelekwa gereji, hapa tu mtaani, siwezi taja. Wakamwaga oili, wakacheki breki, wakabadilisha paipu ya radieta iliyokuwa imeanza kupasuka. Mzee akalipa, akapewa mkono, akaambiwa hiyo gari inafika Kampala na kurudi. Kumbe klipu ya ile paipu mpya iliwekwa tu hapo ikae, haikukazwa.

Tulitoka saa mbili badala ya saa kumi na mbili kwa sababu ya mambo ya sukari, nitawaeleza. Tukapita Salgaa, tukaanza ule mlima. Kijana wangu mkubwa ndiye aliona mshale wa joto unapanda, akasema baba hiyo kitu imesimama wima, mzee akamwambia nyamaza nisikize gari. Aki wanaume. Dakika mbili baadaye moshi mweupe unatoka kwa boneti, karibu tufike Mau Summit, baridi imetubana na kale kadogo kanaitisha chipsi.

Mzee akashuka na taulo, anataka kufungua kifuniko cha radieta. Nilipiga nduru mpaka mwenye kuuza karoti akakuja.

Dereva_Mstaafu
Mama ulimwokoa mzee wako uso. Nimeendesha trela hiyo njia ya Malaba miaka ishirini na mbili, nimeona watu wamechubuka kama kuku wa kunyonyolewa. Watu hawajui hivi: maji ya radieta yako chini ya presha ndio maana yanaweza kupita joto la kuchemka bila kuchemka. Ukifungua kifuniko presha inatoka mara moja, maji yanachemka ghafla na yanakurukia. Alafu kule Mau Summit ni juu, karibu mita 2,500, maji ya kawaida huko yanachemka kwa kama digrii 92, sio ile 100 mlifundishwa shule. Kwa hivyo presha ikipotea huko juu gari linachemsha haraka kuliko likiwa Kisumu.

Ukiona mshale unapanda: zima eisii, washa hita moto mwisho (ndio, mtaumia na joto, lakini inavuta moto kutoka kwa injini), toa gari barabarani, zima. Ngoja nusu saa na zaidi. Usimwage maji baridi kwa injini ya moto, itapasuka kichwa uuze ng'ombe.

MamaWatatuNax
@Dereva_Mstaafu ungekuwa hapo mzee wangu. Tulingoja dakika arobaini na tano. Huyo mwenye karoti alikuwa na koleo kwa kibanda chake, akaingiza mkono, akasema mama hii klipu haijawahi kazwa hata siku moja. Akaikaza, tukajaza maji pole pole, akakataa pesa, kwa hivyo nikanunua karoti gunia ndogo na kabeji sita ambazo sikuwa na haja nazo. Hizo kabeji mtazisikia tena.

Fundi_Kiamunyi
Sisi mafundi tunatukanwa wote juu ya mmoja. Lakini ni ukweli, gari ikitoka gereji usiende nayo mbali siku hiyo hiyo. Izungushe mtaani siku mbili, iache usiku, asubuhi angalia chini kama kuna tone.

BabaTwins254
Na hapo Salgaa Sachangwan mliteremka aje? Bibi yangu hufunga macho.

MamaWatatuNax
Kwenda ni kupanda, shida ni wakati wa kurudi. Saa hii kuna ule ukuta wa katikati kwa hivyo lori haikujii uso kwa uso kama zamani. Lakini mimi pia nikifika Sachangwan hunyamaza. Nilikuwa na jirani aliyepoteza kakake kwa ule moto wa tarehe 31 Januari 2009, lile lori la petroli lilianguka watu wakaenda kuchota, walikufa zaidi ya mia moja. Kijana wangu aliniuliza kwa nini watu walienda kuchota petroli, nikamwambia watu walikuwa na shida, sikuwa na jibu lingine.

Dereva_Mstaafu
Hiyo mteremko siri yake ni moja. Madereva wa lori walikuwa wanaweka gari nyutro ndio waokoe dizeli, wauze iliyobaki. Gari la tani ishirini na nane likiwa nyutro linabebwa na breki peke yake, breki zinapata moto, zikipata moto hazishiki tena hata ukikanyaga mpaka chini. Shuka na gia ile ungepanda nayo. Kwa gari ndogo hata otomatiki, toa kwa D weka kwa gia ya chini. Injini ndio breki.

Na mkifika Londiani Janksheni punguzeni hata kama mnaona barabara ni nyeupe. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilifagia watu hapo stejini na sokoni jioni, zaidi ya hamsini wakaenda. Mimi nilikuwa nimepita hapo asubuhi.

Jakisumo_Orijino
Mungu awapumzishe.

MamaWatatuNax
Amina.

Tuendelee. Kericho tulifika saa nane, na wenyeji mnajua Kericho na saa nane. Mawingu yalikuwa yamekaa hapo yakitungoja. Mvua ya mawe, mawe kabisa, yanagonga paa la gari kama mtu anamwaga mahindi kwa debe. Mzee akaegesha. Watoto wa Nakuru walikuwa wanaona chai kwa pakiti tu, sasa wanaona mlima mzima umekatwa sawa kama kichwa cha mtoto ametoka kinyozi, wa saba akauliza ni nani huja kuikata yote. Nikamwonyesha wanawake wamejikinga kwa kibanda na vikapu vyao mgongoni. Mawe yakitoboa majani ya chai, kwa mkulima hiyo siku imeharibika, lakini kwa hao wangu ilikuwa sherehe, walifungua dirisha wakaokota wakala.

Hapo ndio wa tatu alitapika mara ya kwanza. Ushauri: mtoto wa kutapika akae katikati aone barabara mbele, msimpe simu, msimpe maziwa asubuhi, na mifuko ya karatasi beba kumi usibebe mbili. Tangawizi ya kutafuna ilisaidia mkubwa, kadogo kaliitema kwa shingo ya baba yake.

Tukateremka. Kutoka Kericho mpaka Ahero unasikia masikio yanaziba, na joto linapanda kila ukizungusha kona, tulivua sweta moja Kapsoit, ya pili Awasi, tulipofika Ahero mzee alikuwa amebaki na fulana. Nakuru tulitoka na makoti!

Nyar_Ahero
Eeh sasa fika kwa mchele.

MamaWatatuNax
Nikanunua kilo kumi. Wa kwanza nilionunua nilipimiwa kwa gorogoro (mkebe wa kupimia) imebonyezwa chini, nikarudisha, akacheka akaleta ingine. Tulisimama kwa mashamba kidogo watoto waone mpunga unavyokaa ndani ya maji, na ndege weupe wametapakaa. Na sio picha tu @Nyar_Ahero, nilinunua.

Nyar_Ahero
Nimekubali. Hapo kwa gorogoro hata mimi nikienda naangalia chini kwanza 😂 Nyinyi mnaona mpunga unapendeza, Nyando ikivunja kingo sisi tunaonekana kwa habari tukibeba magodoro kichwani. Mkipita April au Mei angalieni kwanza kama barabara iko.

Jakisumo_Orijino
Na Kisumu mlikula wapi? Chunga utakachosema.

MamaWatatuNax
Dunga. Saa moja jioni badala ya saa saba mchana, lakini tulifika. Dada yangu alikuwa amepika kwake Migosi na alinuna kuona tunataka kutoka tena, tukamchukua na bwanake na watoto wao wawili, watu tisa ndani ya Noah, tukaenda. Ngege wa kukaanga wawili wakubwa, ugali wa mtama, na mboga za kienyeji. Wa saba alisimama kwa ukingo akasema mama hii ni bahari. Nikamwambia ni ziwa. Akasema ziwa ni lile letu la flamingo, hili halina ng'ambo. Shemeji yangu ni Mjaluo na hapo alipata shamba la kulima, akaanza: kilomita mraba 68,800, ziwa kubwa kushinda yote Afrika, na sisi Kenya tumepewa kipande cha asilimia sita tu, zingine za Uganda na Tanzania, ndio maana polisi wa Uganda wanashikana na wavuvi wetu. Alimaliza samaki akiwa anaongea, hatukujua saa ngapi.

Boti hatukupanda, giza lilikuwa limeingia na viboko hutoka saa hizo. Kama mnataka boti nendeni asubuhi na mhakikishe kila mtoto amevaa jaketi lake na limefungwa, sio limewekwa tu begani.

Mzee_wa_Busia
Mngekuja mpaka kwetu mngepitia Maseno watoto wasimame kwa mstari wa Ikweta, mguu mmoja kaskazini mwingine kusini. Bure kabisa.

Bukusu_wa_Kimilili
Na wale mnakuja upande wa Bungoma Agosti, ule mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 2022 na 2024, ni mwaka wa tohara. Mtakutana na umati barabarani umezunguka kijana na njuga mikononi, wanaimba usiku mchana wakizunguka kwa wajomba kualika. Zima honi. Punguza mwendo, subiri, wakikuzunguka cheka nao. Kuna dereva wa kutoka mbali alipiga honi akaonyeshwa maana ya honi.

MamaWatatuNax
😂😂

Sasa nyumba. Sikieni akina dada mliolewa mbali, hii ndio sehemu yenyewe.

Sukari. Kila nyumba unaingia na kilo mbili, mkate, majani chai, na sabuni ya mche. Nyumba ya mtu mzima unaongeza mafuta ya kupika na leso. Nilikuwa nimenunua za nyumba nne na moja ya akiba. Asubuhi ya kutoka Nakuru mzee akaniuliza na mama mdogo wa Chavakali? Nikasema hatusimami huko tunapita tu. Akasema utapitaje? Tukarudi supamaketi, ndio maana tulitoka saa mbili.

Na alikuwa na haki, kwa sababu huwezi pita. Kutoka Kisumu, Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, kila pahali kuna mtu. Hapa binamu ameoa, hapa rafiki wa marehemu baba, hapa mwenye alinisomesha darasa la sita. Na hakuna kupita kimya kimya, kuna boda. Boda akiona gari ngeni lina watoto wanafanana na nyinyi, habari inafika mbele yenu. Tulisimama Mbale kuweka hewa kwa gurudumu, mama mdogo akapiga simu: "Mwanangu, mko Mbale, mbona hamjafika? Maji ya ugali yako motoni." Hatukuwa tumemwambia tunakuja!

Na ukiingia huwezi kunywa chai usimame. Unakaa, unaombewa, unaambiwa nani alikufa tangu mwisho ulikuja, unaenda kuonyeshwa kaburi, unatoa pole na kitu kidogo, kuku anashikwa, unangoja aive. Kuku kwetu sio mboga ya haraka, ni karibu saa mbili nzima kutoka akimbizwe mpaka imondo (firigisi) ifike kwa sahani ya mzee wangu. Siku hiyo moja alikula imondo tatu. Nyumba ya tatu aliniangalia kwa macho ya kuomba msaada, na hawezi kataa, akikataa ni kama amekataa nyumba.

Nyumba ya sita sukari iliisha. Nyumba ya saba nikatoa kabeji.

BabaTwins254
Kabeji za Mau Summit 😂😂😂 nimeangusha simu

MamaWatatuNax
Usicheke, zilipokelewa vizuri kushinda sukari! Huko kabeji kubwa hivyo haiko. Mwenye nyumba akaniambia sukari kila mtu analeta. Karoti nazo ziliisha kwa watoto wa jirani.

Binti_wa_Lanet
Mi naona hii tabia ndio inafanya watu wasiende ocha (mashambani). Nimetoa likizo ya siku nne, nimechoma mafuta ya elfu kumi na kitu, alafu nanuniwa kwa nyumba ambayo sikuingia. Siku hizi naenda kwa mama yangu tu, narudi, wenye kununa wanune.

Omwana_wa_Ilesi
@Binti_wa_Lanet ni sawa mpaka siku uko na matanga ndio ujue ni akina nani huja kupanga viti.

Binti_wa_Lanet
Matanga yangu sitakuwepo kuhesabu viti.

Omwana_wa_Ilesi
Lakini ya mama yako utakuwepo.

MamaWatatuNax
Mmeanza. Ngojeni nimalize hii ya mwisho ndio mpigane.

Tulifika kwetu saa mbili usiku, mvua inanyesha. Sasa mzee wangu ni wa Nyandarua, amezaliwa Nakuru, lakini amefundishwa na kaka zangu na anajua: mkwe halali kwa boma la mama mkwe. Alikuwa amelipia loji Kakamega taunini, tungeshuka mimi na watoto, yeye asalimie kwa mbali, ageuze. Gari likaingia getini, likazama. Udongo mwekundu, magurudumu yote ya nyuma. Kaka zangu wakasukuma mpaka wakachafuka meno, likazidi kuzama.

Mama yuko ndani, hawezi kutoka kuonana naye vile. Mzee amesimama kwa mvua, hawezi ingia. Mimi katikati na mtoto mgongoni. Kaka mdogo akasema alale kwa simba yangu (ile nyumba ya kijana). Baba mdogo akasema hiyo simba iko kwa boma gani kama sio hili hili? Kaka akasema iko nje ya ua. Baba mdogo akauliza ua uliisha wapi. Walibishana mvua ikinyesha, mpaka mzee mwenyewe akasema asanteni sana, akarudi kwa gari, akalaza kiti, akafunga mlango.

Alilala humo. Mama alituma blanketi mbili na chupa ya chai kupitia kwa wa saba, na ujumbe: "Mwambie baba yako afungue dirisha kidogo hewa iingie." Usiku mama hakulala, kila saa ananiuliza huyo mtoto wa watu hajaganda?

Jakisumo_Orijino
Huyo ni mwanaume. Hata kwetu mkwe halali, na maro (mama mkwe) akikuja kwa njia hii wewe unaingia kwa mahindi.

Binti_wa_Lanet
Mtu akalale kwa gari kwa baridi na kuna nyumba tatu na vitanda? Kwa heshima ya nani?

Bukusu_wa_Kimilili
Ya mama mkwe. Lakini pia sio kila ukoo unakazia siku hizi, kwetu kuna wazee hutoa ruhusa baada ya zawadi kadhaa, kila boma na yake. Uliza kabla ya safari, usiulize kwa mvua.

MamaWatatuNax
@Binti_wa_Lanet hata mimi usiku huo nilikuwa na maneno yako mdomoni. Asubuhi nikayameza. Kabla hata chai haijachemka majirani walikuwa wamekuja kuangalia gari ambalo mkwe alilala ndani. Mama alikuwa anatembea kama amepewa cheo. Nyumba zilizobaki hazikutuuliza sukari, zilikuwa zinasema huyu ndiye? Na baba mdogo ambaye miaka kumi na mitatu amekuwa akimwita "yule" akamwita kwa jina lake.

Trakta ya miwa ndio ilituvuta saa nne.

Alafu kituko. Mama alikuwa na kliniki ya presha Kakamega siku hiyo na boda haziingii kwa hiyo matope. Gari ni moja na dereva ni mkwe wake. Akafikiria, akajifunga leso mpaka kichwani, akapanda kiti cha nyuma kabisa, akageukia dirisha. Mzee mbele, macho kwa barabara, kioo cha ndani amekigeuza kiangalie paa. Katikati yao wa saba, ndiye posta (kukhu ni nyanya yake).

"Mwambie baba yako kuna tuta mbele."
"Baba, kukhu anasema kuna tuta mbele."
Tumesharuka.
"Mwambie kukhu yako pole."
"Kukhu, baba anasema pole."
"Mwambie baba yako si neno, lakini kuna lingine."
"Baba, kukhu ana—" Tumeruka.

Wako mita mbili kutoka kwa mwenzake! Tulipofika lile jiwe la Ilesi linalolia, mtoto akauliza jiwe linalia nini, wote wawili wakaanza kumjibu pamoja, wakasikiana, wakanyamaza. Alafu nikasikia mama huko nyuma anacheka ndani ya leso, mabega yanatetemeka, na mzee mbele anacheka na anajaribu kuonekana anakohoa. Miaka kumi na mitatu ya ndoa sijawahi kuwasikia wakicheka pahali pamoja.

Omwana_wa_Ilesi
Hilo jiwe ni letu. Mwambie mtoto maji yanateremka kutoka juu tu, lakini sisi tulikua tukiambiwa ni msichana. Na mlikosa isukuti (ngoma yetu)? Jumamosi haikosi kwa matanga, hata UNESCO waliiandikisha 2014.

MamaWatatuNax
Hatukukosa, ilikuwa nyumba ya kumi. Kadogo kalicheza ngoma mpaka kakapewa shilingi hamsini na wazee.

Kurudi tulipitia Chavakali, Serem, Kapsabet, Eldoret, kwa sababu mzee alisema akirudi na njia ya Kisumu ataongezwa imondo. Ni njia ndefu kidogo lakini hatuna mtu huko, nyumba sifuri, tulipita bila kusimama isipokuwa Timboroa kuvaa sweta. Senge wa Kiboswa ndiye amenuna, kwa sababu tulienda na njia yake na hatukurudi nayo. Nimemtumia pesa ya sukari kwa simu, amepokea, hajajibu.

Sachangwan mzee alishuka na gia ya chini kama alivyosema @Dereva_Mstaafu ingawa hakuwa amemsoma bado. Na ile gereji tulirudi kuwaonyesha klipu, wakasema labda ililegea njiani.

Fundi_Kiamunyi
Labda 🤦

BabaTwins254
Nimeandika yote. Desemba nabeba kabeji ishirini. Swali la mwisho, mlirudi na nini?

MamaWatatuNax
Ndizi mikungu miwili, viazi vitamu gunia, njugu, mrenda ambao ulioza Burnt Forest, na kuku wanne kwa buti wamefungwa miguu. Wa saba alikuwa anawageukia kila kilomita kuuliza kama wako sawa.

Dereva_Mstaafu
Na walifika wangapi?

MamaWatatuNax
Wanne na yai moja.